Mvinyo Mweupe Mtamu Uliozeeka, na Ule Uliochakaa Kabla ya Wakati

Hotuba kwa wahudumu wa hoteli, wenye maduka ya vinywaji na wapenzi wa mvinyo, Nakuru

Mabibi na mabwana, ndugu zetu wahudumu mliotoka zamu na bado mkafika, wenye maduka wa hapa Nakuru na Naivasha, na ninyi wageni wetu kutoka Kisumu na Kakamega, habari za jioni.

Nianze na jambo linaloniuma. Chupa ya Sauternes, mvinyo mweupe mtamu wa Ufaransa, ya miaka 20 inafunguliwa mezani. Mvinyo unatoka na rangi ya kaharabu, unanukia asali, maganda ya chungwa yaliyokaushwa na kitu kinachokaribia bizari. Mhudumu anashtuka, mteja anakunja uso, na chupa nzima inaishia kwenye sinki kwa madai kwamba imeharibika. Kumbe ilikuwa nzima, tena katika umri wake bora. Chupa nyingine ya mvinyo huo huo, iliyochakaa kweli, inauzwa glasi kwa glasi kwa bei kamili kwa kuwa rangi yake haikumtisha mtu. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja: tunaupima mvinyo mtamu uliozeeka kwa kipimo cha mvinyo mweupe mkavu, yaani usio na utamu. Kwa mvinyo mkavu, rangi ya dhahabu nzito na harufu ya asali ni dalili mbaya. Kwa mvinyo mtamu si dalili ya chochote zaidi ya umri.

Ninaposema mvinyo mtamu wa kuzeeka nina maana ya Sauternes na Barsac za Bordeaux, Ufaransa. Tokaji Aszú ya Hungaria. Beerenauslese na Trockenbeerenauslese za Ujerumani na Austria. Chenin Blanc tamu za bonde la Loire. Na kwa wenzetu wa Afrika Kusini, Vin de Constance ya Klein Constantia pamoja na mivinyo inayoandikwa Noble Late Harvest kwenye lebo. Hii ya Afrika Kusini ndiyo mtakayokutana nayo zaidi kwenye rafu za hapa kwetu. Mivinyo mitamu ya bei nafuu, ile ambayo utamu wake umetokana na kusimamisha uchachu mapema au kuongezwa maji ya zabibu, haimo katika mazungumzo haya. Hiyo inywe ndani ya mwaka mmoja au miwili, wala usijisumbue kuitunza.

Uzuri wa mingi ya mivinyo hii na udhaifu wake vinatoka mahali pamoja, kwenye kuvu iitwayo Botrytis cinerea. Kule Sauternes, maji baridi ya mto Ciron hukutana na maji yenye joto zaidi ya Garonne, na asubuhi za vuli ukungu hutanda mashambani. Mchana jua huukausha. Kuvu hupata unyevu wa kuota bila kupata nafasi ya kuozesha tunda lote. Hutoboa ganda la zabibu kwa vitundu visivyoonekana kwa macho, maji huvukiza, na kinachobaki ni sukari, asidi na ladha vilivyokolezwa. Wachumaji hupita kwenye mizabibu ile ile mara kadhaa, wakichagua tu yale yaliyosinyaa. Sheria ya eneo hilo hairuhusu zaidi ya hektolita 25, yaani lita 2,500, kwa hekta, na mashamba mengi hayafiki hata hapo. Château d'Yquem, shamba maarufu la Sauternes, haikutoa mvinyo wake mkuu kabisa mwaka 1992 wala 2012, kwa sababu zabibu hazikuridhisha. Matokeo ni mvinyo wenye sukari ya gramu 120 hadi 150 kwa lita mara nyingi, wakati mwingine zaidi. Tokaji Aszú ya puttonyos 5 (hicho ni kipimo chao cha utamu) haipaswi kupungua gramu 120, na ya puttonyos 6 gramu 150. (Vin de Constance ina njia yake: hutegemea zaidi zabibu za Muscat zilizoachwa zikasinyaa mtini, si kuvu. Ndiyo maana harufu yake huelekea kwenye maua na machungwa.)

Sasa kuvu hii huacha mambo mawili nyuma yake. La kwanza ni kimeng'enya kiitwacho lakesi, kinachoisaidia oksijeni kushambulia rangi na ladha, na ambacho ni kigumu kukizima. La pili, na ndilo kubwa, ni rundo la vitu vinavyoing'ang'ania dioksidi ya salfa. Tangu sasa nitaiita salfa tu, maana ndivyo tunavyoiita kazini.

Salfa ndiyo kinga kuu ya mvinyo dhidi ya hewa. Ndani ya chupa hukaa katika hali mbili, huru na iliyofungwa, na ile iliyo huru ndiyo inayofanya kazi ya ulinzi. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu jumla ya miligramu 200 za salfa kwa lita katika mvinyo mweupe mkavu, ilhali Sauternes na mingine ya kuvu inaruhusiwa hadi 400. Anayesoma hivyo hudhani mvinyo mtamu una ulinzi maradufu. Hauna. Sehemu kubwa ya salfa hiyo imeshikwa na mabaki ya kazi ya kuvu, na chupa yenye jumla ya miligramu 300 huenda ikawa na 40 au 50 tu zilizo huru siku ya kutiwa kizibo. Mtengenezaji anayepunguza salfa ili kuwafurahisha wateja wanaoiogopa anakula akiba ambayo tangu mwanzo ilikuwa ndogo.

Hofu ya kuchakaa mapema, au uoksidishaji wa kabla ya wakati kama wanavyouita wanakemia, haikuanzia kwenye mvinyo mtamu. Ilianza kusikika Burgundy, eneo jingine la Ufaransa, kwenye Chardonnay kavu za mavuno ya 1995 na 1996. Mivinyo iliyotarajiwa kuishi miaka 15 ilifunguliwa baada ya miaka saba au minane ikakutwa imechoka. Kilichowachanganya watu ni kwamba ndani ya sanduku moja chupa hii ilikuwa nzima na jirani yake imekufa. Walioshukiwa ni wengi: salfa iliyopunguzwa, vizibo visivyolingana ubora na dawa zilizotumika kuvisafisha, mashinikizo mapya yanayokamua kwa upole mno, kukorogwa kwa mashapo ndani ya pipa, zabibu zilizoiva kupita kiasi. Mimi naona hakuna mmoja anayeweza kubeba lawama zote. Lakini tofauti kati ya chupa mbili zilizotoka pipa moja na kulala sanduku moja ni ushahidi mzito sana dhidi ya kizibo, na kwa mvinyo mtamu tuuchukue hivyo hivyo.

Watafiti wa Bordeaux, Denis Dubourdieu na wenzake miongoni mwao, waliifuatilia harufu ya mivinyo mikavu iliyochakaa na kuonyesha kwamba mmoja wa wahusika wakuu ni kemikali iitwayo sotoloni. Hapo ndipo penye fundo la mazungumzo yetu. Sotoloni ndiyo inayoipa uwatu harufu yake. Katika mvinyo mweupe mkavu, mikrogramu kama 8 kwa lita zinatosha pua kuigundua, na ikishatawala tunasema mvinyo umeharibika. Lakini katika Sauternes iliyozeeka vizuri sotoloni ipo kihalali. Katika Tokaji ipo. Katika mvinyo wa njano wa Jura, Ufaransa, ndiyo inayosifiwa na kulipiwa. Kwa hiyo anayesema "nimesikia uwatu, mvinyo umekufa" hajasema lolote kuhusu chupa ya mvinyo mtamu.

Harufu ya kuiogopa ni nyingine: tufaha lililokatwa likaachwa wazi. Hiyo ni asetaldehaidi, inayotokea oksijeni inaposhambulia kileo. Salfa ikiwepo huikamata na kuificha. Salfa ikiisha, asetaldehaidi hubaki huru na pua huisikia.

Zoezi hili lifanyeni nyumbani kabla hamjagusa chupa ya bei. Nunueni uwatu kwenye duka la viungo, msage mbegu chache, mtie nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu na kuiacha dakika 15. Kwenye glasi ya pili wekeni vipande vya tufaha vilivyokatwa saa moja kabla. Fumbeni macho, mtu awabadilishie glasi, mnuse. Mkiweza kuzitenganisha harufu hizo mbili bila kusita, mmeshapata nusu ya kazi. Nusu nyingine iko kwenye hesabu na kwenye ulimi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Miligramu 1 ya oksijeni hula miligramu 4 za salfa. Chukua kizibo kizuri kinachopitisha takriban miligramu 1 ya oksijeni kwa mwaka. Katika chupa ya mililita 750, hiyo ni kama miligramu 5 za salfa kwa lita kila mwaka, na akiba huru ya 50 ingemalizika baada ya miaka kama 10. Katika nusu chupa ya mililita 375, shingo ni pana karibu sawa na kizibo ni kile kile, lakini mvinyo ni nusu. Akiba hiyo hiyo inaisha kwa miaka mitano hivi. Weka kizibo kibovu kinachopitisha miligramu 3 kwenye nusu chupa, na mambo yamekwisha kabla ya mwaka wa pili kutimia. Kuna habari njema inayotuokoa na hesabu hii kavu: salfa huru inapopungua, baadhi ya ile iliyofungwa huachiliwa polepole na kuziba pengo. Ile iliyoshikwa na asetaldehaidi haiachiliwi kwa urahisi, lakini iliyoshikwa na vitu vingine huachiliwa. Ndiyo sababu Sauternes njema huishi miaka 30 na zaidi ilhali hesabu ingeizika mapema. Hata hivyo, onyo la nusu chupa libaki kichwani, maana mivinyo mitamu mingi inauzwa kwa ujazo huo. Mnaponunua ya kuweka, chagueni chupa kubwa. Nusu chupa ni ya kunywa mapema.

Ongezeni joto la kwetu. Kama kanuni ya kukadiria, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka huharakisha mabadiliko ya kikemia karibu mara mbili. Pango zuri la mvinyo hukaa nyuzi 12 au 13. Nakuru, kwa wastani wa mwaka, tuko karibu nyuzi 18. Kisumu ni kama 23. Kwa hiyo chupa iliyolala chumba cha kawaida Kisumu kwa miaka mitano imezeeka kama iliyolala pangoni miaka 10, na hapo nimekadiria wastani tu. Stoo yenye paa la mabati bila dari hupita nyuzi 35 mchana kwa urahisi. Kontena lililosimama juani bandarini linakuwa tanuri. Mvinyo ukipashwa joto kiasi hicho hupanuka, husukuma kizibo, na ukipoa tena huvuta hewa ndani. Mara nyingi tunachokilaani hapa kuwa ni kuchakaa mapema ni kuungua safarini au stooni, na lawama si ya mtengenezaji. Kwa mwenye duka tofauti hiyo ni ya pesa: kuungua huonekana kwenye sanduku zima, ilhali kizibo kibovu huchagua chupa moja moja.

Basi chupa imefika mkononi. Usiifungue kabla hujaiangalia.

Kwanza kiwango. Isimamishe wima, chukua rula, pima kutoka chini ya kizibo hadi juu ya mvinyo. Chupa mpya huwa na nafasi ya milimita 10 hadi 20. Chupa ya Bordeaux ya miaka 10 inapaswa bado kuwa na mvinyo shingoni. Ya miaka 25 au 30 ikishuka hadi mwanzo wa bega, si ajabu. Ikiwa ya miaka minane imeshafika begani, hewa imeingia, na hakuna haja ya kubishana. Pili, tazama ganda la bati linalofunika kizibo: je, linazunguka ukilisokota, au limegandishwa na kitu chenye kunata? Sukari iliyokauka pale ni ushahidi kwamba mvinyo umewahi kutoka. Kizibo kilichonyanyuka juu ya mdomo wa chupa kinasema joto. Tatu, rangi. Weka karatasi nyeupe nyuma ya chupa, mwanga utoke pembeni. Usijiulize kama ni nzito. Jiulize kama inang'aa. Mvinyo mzee ulio mzima, hata ukiwa wa kaharabu, hurudisha mwanga na ukingoni huonyesha dhahabu. Uliokufa ni kahawia iliyofifia, kama chai ya rangi iliyolala. Kama mna chupa mbili za aina moja na mwaka mmoja, zisimamisheni bega kwa bega. Ikiwa moja ni nyeusi waziwazi kuliko mwenzake, ile nyeusi ndiyo ya kutiliwa shaka, na hapo rangi imetufaa kwa kweli, kwa kuwa tunalinganisha.

Msishtuke na punje nyeupe chini ya chupa. Nyingi ni chumvi za asidi ya zabibu, na katika mivinyo ya kuvu kuna nyingine ya kalsiamu inayotokana na asidi ambayo kuvu yenyewe imeitengeneza. Hazina madhara wala si vioo.

Kabla ya kufungua, chupa isimame wima saa 24 mahali pa baridi. Vizibo vya miaka mingi huwa laini katikati. Kizibuo cha kawaida cha mhudumu kinafaa hadi kizibo cha miaka 12 hivi; zaidi ya hapo tumieni kile chenye ndimi mbili bapa za chuma. Tangulizeni ulimi mrefu kati ya kizibo na kioo, kisha mfupi, yumbisheni huku mkisukuma chini, halafu vuteni mkizungusha. Msivute moja kwa moja, kitavunjika.

Kizibo kikitoka, msikitupe. Hiki ndicho kitu ninachotaka mkione kwa karibu. Kishikeni wima chini ya taa. Kwenye kizibo kizuri, doa la mvinyo liko kwenye uso wa chini tu na limepanda pembeni milimita mbili au tatu. Pembeni kote kwingine ni pakavu, na pana rangi ya kizibo chenyewe. Sasa kizungusheni polepole. Mkiona mstari mmoja wa kahawia unaopanda kutoka chini hadi karibu na juu, ukifuata mkunjo au ufa wa kizibo, mmeiona njia yenyewe ya hewa. Pitisheni ukucha juu yake. Mara nyingi utahisi mfereji. Pimeni urefu wake kwa rula mkaandike. Mstari uliofika theluthi mbili ya kizibo hauthibitishi kwamba mvinyo umekufa, lakini unawaambia muuonje mkiwa macho.

Sasa kuonja. Chumba kiwe mbali na jiko. Pilau ikikaangwa mlango wa pili, kila mtu atasikia sotoloni hata kwenye maji. Glasi iwe ndogo yenye tumbo na mdomo uliobanwa, na mimina mililita 50 tu. Joto la mvinyo liwe nyuzi 10 hadi 12. Ukitoka kwenye friji ya kawaida, yenye nyuzi 4, uache glasini dakika 15 hadi 20. Mvinyo baridi mno huficha kasoro na uzuri vyote viwili. Wenye joto mno hunuka kileo na sukari inalemea. Wekeni maji na mkate mkavu, na chombo cha kutemea, kwa sababu mivinyo kama Sauternes ina kileo cha asilimia 13 au 14 na utamu unaficha nguvu hiyo.

Nusa kabla ya kuzungusha glasi. Zungusha, unuse tena. Kisha ngoja. Rudi baada ya dakika 10, 30 na 60, ukiandika kila mara. Muda ndio hakimu bora niliye na imani naye. Mvinyo mzima uliofungiwa miaka 20 huweza kutoa kwanza harufu ya salfa au ya chumba kilichofungwa, kisha unafunguka: tunda dogo la njano linaloitwa aprikoti, zafarani, asali, karanga zilizokaangwa, ganda la chungwa. Mvinyo uliochakaa huanza na tufaha lile la saa nzima, na kila ukirudi umepungua. Mwishoni kunabaki sukari iliyoungua na uchungu. Rangi yake glasini pia hukolea upesi, kwa kuwa hauna tena cha kuulinda.

Mdomoni, tafuteni vitu vitatu: asidi, tunda na urefu. Sukari yenyewe haipotei ndani ya chupa, ingawa mvinyo ukizeeka ulimi huihisi kuwa kidogo zaidi, na hilo ni sawa. Lisilo sawa ni sukari iliyobaki peke yake. Katika mvinyo mzima asidi huuinua utamu, mate hujaa, na hamu ya kuonja tena inakuja yenyewe. Meza au tema, kisha hesabu sekunde kimoyomoyo. Mvinyo mzuri hubaki sekunde 15, 20, hata zaidi, na ladha hubadilika njiani. Uliochakaa hukatika baada ya tano au sita, na kinachobaki ni ukali nyuma ya ulimi. Mimi hupenda urefu kuliko kipimo kingine chochote, maana pua inaweza kudanganywa na uwatu lakini mdomo hauhesabu sekunde ambazo hazipo.

Mkibaki na shaka, kuna jaribio la tone moja. Nunueni metabisalfaiti ya potasiamu, unga unaotoa salfa, inayokubalika kwa vyakula. Yeyusheni gramu 10 katika maji hadi ifike mililita 100. Chukueni glasi mbili zenye mililita 50 za mvinyo ule ule. Kwenye moja tieni tone moja la dawa hiyo, kama mililita 0.05, hilo linaongeza miligramu zipatazo 57 za salfa kwa lita. Koroga, ngoja dakika tano, nusa glasi zote mbili. Ikiwa tufaha limetoweka au limepungua sana, mvinyo wenu ulikuwa na asetaldehaidi huru, yaani salfa yake imekwisha. Harufu ya asali na uwatu itabaki, kwa kuwa chanzo chake ni kingine. Glasi yenye dawa mwageni, asinywe mtu, hasa mwenye pumu. Na tafadhali, msiitie dawa hiyo kwenye chupa mkadhani mmeuponya mvinyo na kuuuza. Mtakuwa mmeficha harufu tu, tunda halirudi.

Kuna vifananishi vya kuviondoa njiani. Harufu ya dawa ya kuondoa rangi ya kucha ni dalili ya asidi tete, yaani asidi inayovukiza kwa urahisi, ambayo mivinyo ya kuvu huwa nayo zaidi ya mingine. Kidogo inanyanyua harufu, ikizidi ni kasoro, lakini si kazi ya kizibo kuvuja. Harufu ya mafuta ya taa kwenye Riesling iliyozeeka ni ya kawaida kabisa. Harufu ya boksi lililoloa ni uchafuzi wa kizibo, na hiyo huzidi kadiri mvinyo unavyokaa glasini. Kabichi iliyochemshwa au sufu iliyoloa, kwenye chupa iliyokaa dirishani au chini ya taa za dukani, ni kazi ya mwanga. Sauternes nyingi ziko kwenye kioo cheupe kisichozuia kitu. Jambo hili linaniudhi kila ninapopita kwenye rafu, kwa sababu tiba yake ni karatasi ya gazeti: ifungeni chupa, au iachieni sanduku lake la mbao.

Kuhusu kutunza, sitawaambia mchimbe mahandaki. Wa Nakuru, chumba cha ndani kisicho na ukuta wa nje, chupa zikilala chini kabisa karibu na sakafu, kinatosha kwa miaka michache. Wekeni kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini, mkisome kila wiki. Kikionyesha zaidi ya nyuzi 24, hamisheni. Wa Kisumu, bila friji ya mvinyo iliyowekwa nyuzi 12 au 13, nunueni cha kunywa mwaka huu tu. Stima ikipotea msifungue mlango wa friji. Friji iliyojaa chupa hushikilia ubaridi kwa saa nyingi. Friji ya jikoni si mahali pa miezi, kwani hewa yake kavu hukausha kizibo.

Chupa ikishafunguliwa, mvinyo mtamu ulio mzima hukaa friji siku tano hadi saba ukifungwa vizuri. Mkiuhamishia kwenye kichupa kidogo safi na kukijaza hadi mdomoni, unaongeza siku. Chupa yenye dalili za uchovu msiiweke. Kama bado inanyweka, iuzwe usiku huo huo, na mteja aambiwe ukweli kabla hajalipa. Kwa glasi ya mililita 75, chupa moja ni watu 10. Mhudumu aonje kwanza, kila chupa, hata kama ya kwanza kutoka sanduku hilo ilikuwa safi, maana tumeona vizibo havifanani.

Kabla hatujaenda mezani, kuna swali lililoletwa kwa karatasi: je, chupa ikithibitika kuchakaa, mwenye duka amrudishie mteja pesa? Kwa maoni yangu, arudishe kama chupa ilikuwa chini ya ulinzi wake na imefunguliwa ndani ya miezi michache baada ya kuuzwa. Hata hivyo amwombe mteja alete chupa ikiwa na mvinyo usiopungua nusu, pamoja na kizibo chake. Bila kizibo hakuna cha kumpelekea aliyewaletea mzigo. Piga picha ya kiwango kabla ya kufungua chupa nyingine ya sanduku lile, andika namba ya fungu iliyo kwenye lebo au iliyochapwa kwenye kioo, tarehe mzigo ulipofika, na joto la juu la stoo tangu siku hiyo. Ukiwa na hayo manne, mnaanza mazungumzo na mwagizaji mkiwa mmesimama pamoja kwenye jambo linalopimika.

Glasi ziko tayari. Kila meza ina chupa mbili za mwaka mmoja na kizibo cha kila moja mbele yake. Anzeni na rula.